Mwongozo Kamili wa Kufuma Soksi za Sherehe, Kuanzia Kupima Mguu Hadi Kufunga Vidole

Mama mkwe wangu anaishi Mau Narok, mahali ambapo asubuhi za Julai ukungu hukaa mashambani hadi jua lipande sana, na wazee hawavui sweta kabla ya saa nne. Alipokaribia kutimiza miaka 70, watoto wake walipanga ibada ya shukrani nyumbani, na kila mmoja akabeba sehemu yake: huyu hema, yule mbuzi, mwingine keki. Mimi nilisema nitamfumia soksi za siku hiyo. Nilikuwa nimefuma sweta nyingi za watoto wa shule hapa Nakuru, kwa hiyo niliamini kwamba soksi ni kazi ndogo. Jozi ya kwanza ilikuwa nzuri kutazama, lakini ukingo wake ulikataa kupita kwenye kisigino, kwa sababu nilifuata namba za karatasi bila kuupima mguu wenyewe. Nikaifumua yote na kuanza upya, zikiwa zimebaki wiki tatu. Maelezo yafuatayo ndiyo ambayo ningependa kuwa nayo siku ile, na yamekusudiwa mtu ambaye tayari anajua kufuma kwa sindano mbili lakini hajawahi kufuma soksi.

Kupima mguu

Vipimo vinavyohitajika ni vitatu. Cha kwanza ni mzunguko wa mguu mahali palipo panapana zaidi, nyuma kidogo ya vidole. Cha pili ni urefu wa unyayo kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Cha tatu ni mzunguko unaopita kwenye kisigino na kupanda hadi mkunjo wa mbele, pale mguu unapoungana na wayo, kwa sababu ukingo wa soksi lazima upite hapo kila inapovaliwa. Kipimo hiki cha tatu ndicho nilichokidharau. Pima jioni, si asubuhi, maana miguu ya watu wazima huvimba kiasi fulani mchana kutwa.

Iwapo zawadi ni ya siri, mtume mjukuu anayeishi na mhusika akupimie soli ya ndani ya kiatu chake cha kanisani, au akuletee soksi yake ya zamani inayomkaa vizuri. Mjukuu pia atakueleza jambo ambalo mzee mwenyewe hatasema, kama vile iwapo miguu yake huvimba au iwapo ana ugonjwa wa kisukari. Kwa mtu wa namna hiyo ukingo haufai kubana wala kuacha alama kwenye ngozi, na ndani ya soksi hapatakiwi fundo hata moja, kwa kuwa kidonda kidogo kwenye mguu wa mwenye kisukari si jambo la kupuuzwa.

Soksi hufumwa ikiwa ndogo kuliko mguu ili ivutike na kushika. Kwa mguu wa kawaida punguza mzunguko kwa asilimia 10. Kwa mguu unaovimba punguza asilimia 5 tu. Mguu wa mama mkwe wangu ulikuwa na mzunguko wa sentimita 22 na urefu wa sentimita 24, nami nitatumia vipimo hivyo katika mwongozo wote. Asilimia 10 ya 22 ni 2.2, kwa hiyo soksi yake ilitakiwa kuwa na mzunguko wa takriban sentimita 19.8.

Uzi

Uzi unaofaa zaidi kwa soksi ni wa sufu uliochanganywa na nailoni, kwa kawaida sufu sehemu tatu na nailoni sehemu moja. Sufu hutoa joto na kunyonya jasho, nayo nailoni huzuia kisigino kutoboka mapema. Uzi wa namna hiyo haupatikani katika kila duka. Unaopatikana kwa urahisi ni wa akriliki, ambao huoshwa bila wasiwasi na una rangi nyingi, ila haupitishi hewa vizuri na hauvumilii pasi ya moto. Uzi wa pamba ni wa baridi na haurudi unapovutwa, kwa hiyo mimi simshauri mtu aufumie soksi za nyanda za juu. Kondoo wa sufu, hasa Merino na Corriedale, hufugwa Molo na Mau Narok kwenyewe, na ukimpata msokotaji anayesokota uzi mwembamba na ulio sawa, mnunulie. Kisha usokotee pamoja nao uzi mwembamba wa nailoni wa cherehani unapofika kwenye kisigino na kwenye vidole.

Kuna njia nyingine ambayo mafundi wengi wameitumia kwa miaka mingi, nayo ni kufumua sweta ya mitumba. Katika soko la Kibuye kule Kisumu, au kwenye marundo ya mitumba ya Nakuru, hukosi sweta ya sufu safi inayouzwa kwa bei ndogo kwa sababu ya tundu moja kwenye kiwiko. Kabla ya kununua, igeuze ndani nje na utazame mishono ya ubavuni. Kama vipande viliunganishwa kwa mnyororo wa uzi, sweta itafumuka na kukupa uzi mrefu; kama kingo zimekatwa na kupigwa mashine ya kufungia nyuzi, utaambulia vipande vifupi kwa mamia. Ikiwa lebo imekatwa, choma ncha ya uzi mdogo: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika, lakini akriliki huyeyuka na kuwa punje ngumu. Uzi uliofumuliwa ukunje kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali pane, uuoshe na kuutundika ukiwa na maji ili mikunjo inyooke.

Kwa jozi moja ya mwanamke tayarisha gramu 100 za uzi mwembamba wa nyuzi nne. Nunua wote siku moja na uhakikishe kwamba namba ya bechi ya rangi ni moja. Kisha ugawe kwa mizani katika mabonge mawili yenye uzito sawa, ili bonge la kwanza likianza kuisha kabla ya vidole ujue mapema kwamba shina la soksi, yaani sehemu inayopanda mguuni juu ya kisigino, ni refu kupita kiasi.

Sindano

Utahitaji sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili, za unene wa milimita 2.5. Nne hushika vitanzi, ya tano hufuma. Usipozipata, spoki za baiskeli zitafaa, na si jambo la kuonea haya, kwa maana kuna akina mama wanaofuma kwa spoki huku wakiuza mboga, na kazi yao ni safi. Kata kila spoki iwe na urefu wa sentimita 20 ukiondoa upande wenye kichwa na upande wenye nati, kisha usugue ncha kwenye jiwe na kumalizia kwa msasa hadi ziwe za mviringo. Ncha kali hupasua uzi na kutoboa vidole. Kumbuka tu kwamba spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, hivyo kitambaa chake ni kizito zaidi na hesabu ya vitanzi itabadilika.

Kipande cha majaribio na hesabu

Usiruke hatua hii. Fuma kipande cha mraba cha sentimita 12 hivi, kioshe, kikaushe, kisha uhesabu ni vitanzi vingapi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Mimi nilipata vitanzi 30, yaani vitanzi 3 kwa kila sentimita. Sentimita 19.8 mara 3 ni 59.4, na namba iliyo karibu inayogawanyika kwa nne ni 60. Fundi mwenye spoki akipata vitanzi 34 katika sentimita 10 atahitaji 68. Maelezo yanayofuata ni ya vitanzi 60.

Nitatumia maneno mawili kila mara. Kitanzi cha uso ni kile ambacho sindano huingia kutoka mbele uzi ukiwa nyuma, nacho huacha alama ya herufi V upande unaokutazama. Kitanzi cha mgongo ni kile ambacho uzi hukaa mbele, nacho huacha kinundu.

Ukingo na shina

Shika sindano mbili pamoja kana kwamba ni moja, acha mkia wa uzi wa mita moja, na uanzishe vitanzi 60 juu ya hizo mbili. Ukichomoa moja, vitanzi hubaki vimelegea, na ukingo utapita kwenye kisigino bila kung'ang'ana. Gawanya vitanzi 15 kwa kila sindano, uziweke mezani na uhakikishe kwamba mstari wa chini wa vitanzi vyote unatazama ndani na haujajisokota popote, maana ukiunganisha mviringo uliosokotwa hakuna dawa isipokuwa kufumua. Unganisha kwa kufuma kitanzi cha kwanza kwa uzi unaotoka kwenye kitanzi cha mwisho. Mwanzo wa mzunguko utakuwa nyuma ya mguu.

Fuma vitanzi viwili vya uso na viwili vya mgongo, ukirudia hivyo kwa mizunguko 20, yaani takriban sentimita 5. Mahali sindano mbili zinapokutana, vuta uzi kwa nguvu kidogo kwenye kitanzi cha pili cha sindano mpya, si cha kwanza pekee, la sivyo utaona ngazi ya nyuzi zilizolegea ikishuka mguu mzima.

Shina ndilo mahali pa urembo. Watu hupenda kutia nakshi soksi nzima, lakini mtu aliyevaa viatu vya kufunika haonyeshi unyayo wake kwa wageni, na nakshi iliyo chini ya kiatu humsumbua tu. Nilichagua mfumo wa kikapu, kwa sababu unavutika na haumlazimu mtu kuhesabu kwa shida: mizunguko mitano ya vitanzi vitatu vya uso na vitatu vya mgongo, kisha mizunguko mitano ambamo mgongo huja juu ya uso na uso juu ya mgongo. Sitini hugawanyika kwa sita, hivyo miraba hukutana bila kasoro. Rudia hadi shina lote pamoja na ukingo lifike sentimita 15, kisha fuma mizunguko mitatu ya uso mtupu. Kuhusu rangi, nilitumia ile ya kitambaa chake cha kichwani cha kanisani, kwa kuwa nilijua ndicho angekivaa siku hiyo.

Kisigino

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na sioni sababu yake. Kisigino ni kipande bapa kinachofumwa kwa nusu ya vitanzi, kisha kinakunjwa kwa kupunguza, kisha kinarudishwa katika mviringo. Tafuta saa mbili za utulivu, usiku watoto wakishalala, na usikifanyie ndani ya matatu.

Fuma vitanzi 15 vya sindano ya kwanza, geuza kazi, kisha ufume vitanzi 30 vya mgongo ukivikusanya vyote kwenye sindano moja. Hivyo 30 ndivyo vya kisigino. Vingine 30 vinasubiri kwenye sindano zake na havishughulikiwi. Sasa, upande wa uso, hamisha kitanzi kimoja bila kukifuma na ufume kinachofuata, hivyo hivyo hadi mwisho. Upande wa mgongo, hamisha cha kwanza tu na ufume vilivyobaki kwa mgongo. Rudia mistari hiyo miwili hadi upate mistari 30. Vitanzi vilivyohamishwa hufanya kitambaa kuwa na unene maradufu, na ubavuni utaona vitanzi vikubwa 15 kama mnyororo. Hivyo utavihitaji baadaye.

Kukunja kisigino hufanywa kwa mistari mifupi. Mstari wa kwanza, upande wa uso: hamisha kitanzi kimoja, fuma 16, unganisha viwili kwa kulalia kushoto, fuma kimoja, kisha geuza ingawa vitanzi 10 vimebaki. Kuunganisha kwa kulalia kushoto ni kuhamisha vitanzi viwili kimoja kimoja, kuvirudisha sindano ya kushoto na kuvifuma pamoja kwa kuingia nyuma yake. Mstari wa pili, upande wa mgongo: hamisha kimoja, fuma vitano vya mgongo, unganisha viwili vya mgongo, fuma kimoja, geuza. Sasa utaona pengo dogo kila upande. Kuanzia hapo kila mstari ni uleule: hamisha kimoja, fuma hadi kibaki kitanzi kimoja kabla ya pengo, unganisha hicho na kilicho ng'ambo ya pengo, fuma kimoja, geuza. Baada ya mistari 12 vitanzi vyote vitakuwa vimefumwa, na utabaki na 18. Ukipata 17 au 19, rudi nyuma utafute kosa kabla ya kuendelea, maana halitajirekebisha.

Aliye na vitanzi 68 atakuwa na kisigino cha 34 na mistari 34, na katika mstari wa kwanza wa kukunja atafuma 18 baada ya kuhamisha kimoja; hatua zenyewe hazibadiliki, ila kukunja kutachukua mistari 14 na atabaki na vitanzi 20.

Kurudi kwenye mviringo

Fuma vitanzi 9 vya kwanza kati ya hivyo 18, kisha uchukue sindano nyingine. Kwa sindano hiyo, fuma 9 vilivyobaki na uokote vitanzi 15 ubavuni mwa kisigino, kimoja katika kila kitanzi kikubwa, na kimoja zaidi kwenye kona ili kuziba tundu. Hiyo ni sindano ya kwanza, nayo ina vitanzi 25. Fuma 30 vya mbele kwenye sindano ya pili na ya tatu. Kwa sindano ya nne okota kimoja kwenye kona na 15 ubavuni, kisha ufume vile 9 vya mwanzo. Jumla ni 80, na mwanzo wa mzunguko uko katikati ya kisigino.

Ishirini ni vya ziada na lazima viondolewe polepole. Katika mzunguko mmoja, fuma sindano ya kwanza hadi vibaki vitatu, unganisha viwili kwa kulalia kulia, yaani kuvifuma pamoja kwa kawaida, kisha fuma kimoja. Sindano ya pili na ya tatu zifume bila kupunguza. Kwenye ya nne fuma kimoja, unganisha viwili kwa kulalia kushoto, malizia. Mzunguko unaofuata usipunguze chochote. Baada ya kupunguza mara 10 utarudi kwenye vitanzi 60.

Wayo na vidole

Kutoka hapa fuma uso mtupu. Soksi inatakiwa kuwa fupi kuliko mguu kwa sentimita 1 au 1.5, kwa hiyo mguu wa sentimita 24 unataka soksi ya sentimita 22.5. Vidole huchukua mizunguko 18, ambayo kwangu ilikuwa sentimita 4.5, hivyo nilianza kupunguza nilipofika sentimita 18 kutoka nyuma ya kisigino. Pima soksi ikiwa imelala mezani bila kuvutwa.

Mzunguko wa kupunguza ni huu: mwisho wa sindano ya kwanza na ya tatu, vikibaki vitatu, unganisha viwili kwa kulalia kulia na ufume kimoja; mwanzo wa ya pili na ya nne, fuma kimoja na uunganishe viwili kwa kulalia kushoto. Vitanzi vinne huondoka kila mara. Punguza kila baada ya mzunguko mmoja hadi ubaki na 32, kisha punguza kila mzunguko hadi ubaki na 16. Fuma vinne vya sindano ya kwanza kwenye sindano ya nne, ili chini pawe na 8 na juu 8.

Kata uzi ukiacha sentimita 30, utie kwenye sindano butu ya kushonea, na ushike sindano mbili sambamba, ile ya chini ya unyayo ikiwa nyuma. Kwanza pitisha uzi katika kitanzi cha mbele kama unayefuma mgongo na ukiache kikiwa bado kwenye sindano. Kisha katika cha nyuma kama unayefuma uso na ukiache. Baada ya hapo rudia: mbele, ingia kama uso na ukiachilie kitanzi kitoke kwenye sindano, ingia kinachofuata kama mgongo na ukiache; nyuma, ingia kama mgongo na ukiachilie, ingia kinachofuata kama uso na ukiache. Mshono huu hauonekani wala hauna ukingo, na kidole hakitausikia ndani ya kiatu. Usifunge vidole kwa kukusanya vitanzi kwenye uzi mmoja na kukaza kama mdomo wa gunia, hasa kwa mtu mzee.

Soksi ya pili na siku ya kukabidhi

Anzisha soksi ya pili siku ileile unapomaliza ya kwanza, walau ukingo wake, na uandike daftarini idadi ya mizunguko ya kila sehemu, kwa kuwa mkono hukaza au kulegeza kadiri wiki zinavyopita. Soksi moja ya vipimo hivi ina karibu vitanzi 8,700, na jozi hupita 17,000. Anayefuma vitanzi 15 kwa dakika atahitaji takriban saa 20, mbali na saa za kufumua makosa, hivyo kwa saa moja kila jioni mpe kazi hii wiki nne na ujiwekee ya tano kama akiba.

Ficha ncha za uzi kwa kuzipitisha sentimita 5 ndani ya kitambaa bila kupiga fundo. Osha kwa maji baridi na sabuni kidogo. Sufu ikikutana na maji moto na kusuguliwa hujikaza na kuwa ya mtoto. Ikamue ndani ya taulo, inyooshe kwa mkono na uianike kivulini ikiwa imelala, kwa sababu jua la mji wa Nakuru, ulio takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hufifisha rangi haraka.

Nilizifunga zile za mama katika kipande cha kitenge, na katikati yake nikaweka gramu chache za uzi uliobaki, zikiwa zimezungushwa kwenye kadi ndogo pamoja na sindano butu. Alizivaa kabla ya ibada kuanza, akiwa ameketi kitandani huku wakwe zake wawili wakimshikia viatu, na ukingo ulipita kisigino bila kuvutwa. Uzi ule wa kadi ulitumika mwaka wa pili, kisigino cha kushoto kilipoanza kuchakaa.